Mtoto wa paka uliyemwokota anaharisha: mwongozo kamili wa wiki ya kwanza

Maswali ninayoulizwa kuhusu watoto wa paka hufanana mno. Mtu amemkuta mtaroni, sokoni au chini ya gari, akamhurumia, akampeleka nyumbani na kumwekea maziwa ya ng'ombe kwenye kisahani. Kesho yake tumbo limefunguka. Anapewa Flagyl iliyobaki kabatini. Siku ya tatu hataki kula, siku ya nne amekufa, na aliyemwokoa anabaki akijilaumu kwamba hakufanya vya kutosha.

Mara nyingi alifanya mengi, ila yalitangulia yaliyopaswa kufuata. Mtoto wa paka anayeharisha anahitaji joto, kisha maji, kisha chakula, kisha dawa, kwa mfuatano huo. Akilishwa angali baridi, chakula hakisagiki na huchacha tumboni. Akipewa dawa kabla sababu haijajulikana, unaweza kumuua kwa mkono uleule uliomwokoa.

Halafu kuna hofu. Paka aliyetoka Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kwenye kelele za wauza samaki na kuingizwa ghafla sebuleni kwako, kati ya watoto na televisheni, yumo katika hali ya kujihami mchana na usiku. Hofu ya namna hiyo huharakisha mwendo wa utumbo na kudhoofisha kinga ya mwili, na yenyewe tu inaweza kumharisha. Kwa hiyo utulivu ni sehemu ya matibabu, na nimeuweka ndani ya hatua.

Mwongozo huu unamhusu hasa mtoto wa wiki 4 hadi 8, umri ambao wengi huanza kutangatanga mbali na mama yao. Walio wadogo zaidi nimewataja pale mambo yanapotofautiana.

## Dalili za kukimbilia kwa daktari wa mifugo sasa hivi

Soma sehemu hii kabla ya nyingine zote. Ukiona mojawapo ya haya, mfunge kwenye kanga, mpe joto, na uondoke naye:

- Amelegea, hainui kichwa, au mwili wake ni wa baridi hata mdomoni.
- Fizi ni nyeupe, za kijivu au za buluu.
- Kinyesi kina damu nyingi au ni cheusi kama lami.
- Anatapika tena na tena, hata maji hayakai.
- Hajala kabisa kwa saa 12. Aliye chini ya wiki 4, akikataa milo miwili mfululizo.
- Joto la mwili limepita nyuzi 39.5.
- Tumbo limevimba, ni gumu, na analia ukiligusa.
- Ndugu zake wameanza kufa mmoja baada ya mwingine.

Hiyo ya mwisho, pamoja na kutapika na kulegea, hutia shaka ya panleukopenia, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo na chembe nyeupe za damu. Huua watoto wa paka haraka, na hakuna dawa ya nyumbani itakayousimamisha. Dripu na uangalizi wa daktari ndiyo nafasi yao.

## Vifaa: viandae kabla hujamgusa sana

- Boksi la kadibodi kubwa, au tenga la plastiki.
- Kanga au taulo kuukuu, nne au zaidi, kwa kuwa utazifua kila siku.
- Chupa mbili za plastiki za nusu lita za kutilia maji ya moto.
- Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu. Ukilazimika kubana matumizi, bana kwingine, hii inunue.
- Kipimajoto cha dijitali kitakachokuwa cha paka peke yake, na mafuta ya mgando ya kukilainisha.
- Mabomba ya sindano, sindano zenyewe zikiwa zimetolewa: moja la mililita 1 na moja la mililita 5.
- Pakiti za ORS, yaani chumvi za kurudisha maji mwilini, zisizo na ladha ya matunda. Kama pakiti imekuja na vidonge vya zinki vya watoto, viweke kando, si vya paka.
- Kifua cha kuku kisicho na ngozi, na kipande cha boga.
- Beseni fupi ambalo paka ataweza kuingia na kutoka, pamoja na mchanga mkavu au magazeti yaliyochanwa. Mchanga wa dukani unaoganda ukilowa usimpe. Watoto huulamba na kuumeza, ukagandia tumboni.
- Jiki, sabuni na glavu.
- Daftari. Utaandika uzito, milo na kinyesi.

## Hatua ya 1: Jua umri na uzito

Fungua mdomo wake taratibu. Meno madogo ya mbele huchomoza kati ya wiki ya 3 na ya 4, chonge hufuata karibu na wiki ya 4, na magego huanza kuonekana wiki ya 5 hadi ya 6. Asiye na jino hata moja bado ni wa maziwa. Usimpe kuku.

Weka bakuli juu ya mizani, sawazisha isome sifuri, kisha mweke ndani. Mtoto mwenye afya huwa na takriban gramu 400 hadi 450 akiwa na wiki 4, na gramu 800 hadi 900 akiwa na wiki 8. Wa mitaani wengi huwa chini ya hapo, kwa hiyo usishtuke na namba ya kwanza. Kinachotazamwa ni mwelekeo.

Mpime kila siku saa ileile, kabla ya kula. Anayeendelea vizuri huongezeka gramu 10 au zaidi kwa siku. Akiwa anaharisha, kutopungua kwa siku moja au mbili kunavumilika. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani gramu 50 kwa mtoto wa gramu 500, nenda kwa daktari bila kusubiri dalili nyingine.

## Hatua ya 2: Mpe chumba kimoja, na kiwe kimya

Bafu dogo, stoo, hata kona ya chumba cha kulala iliyozungushiwa viti na shuka inatosha. Lalisha boksi kwa ubavu ili awe na paa juu ya kichwa, tandika kanga ndani, na mlango wake uangalie ukuta badala ya mlango wa chumba. Beseni la haja liwe upande mmoja, maji na chakula upande wa pili. Paka hapendi kula karibu na anapojisaidia.

Kwa saa 24 za kwanza anaingia mtu mmoja tu, yule anayemlisha. Waeleze watoto wa nyumbani mapema kwamba mgeni ni mgonjwa na watamwona akipata nafuu. Hili huwa gumu kuliko dawa zote, najua, lakini mtoto wa paka anayepokezanwa mikono mitano kwa saa moja hawezi kupona tumbo.

Kama wako wawili au zaidi wa uzao mmoja, wasitenganishwe. Hupeana joto na hutulizana. Wanapoharisha wote na hujui kinyesi ni cha nani, tenganisha mmoja kwa saa chache tu, uone, kisha mrudishe.

Paka wengine wa nyumbani wakae mbali naye kwa wiki mbili, na vyombo visichanganywe.

Utajua umefaulu ukimkuta amelala kwa ubavu au amejikunja kabisa. Anayekaa ameinamia miguu yake minne, macho wazi, amejibana kwenye kona, bado ana hofu au maumivu.

## Hatua ya 3: Joto kwanza

Watu wa Pwani huniambia, "Huku kwetu joto, hana shida." Anayo. Sakafu ya vigae saa tisa usiku hunyonya joto la mwili mdogo uliolowa kinyesi, awe Mombasa au Tanga. Nairobi, Arusha na Njombe hatari ni kubwa zaidi.

Kipake kipimajoto mafuta ya mgando, ingiza ncha yake kwenye njia ya haja kubwa kiasi cha sentimita moja, usisukume. Mtoto wa wiki 4 na kuendelea anatakiwa asome kati ya nyuzi 38 na 39. Wale wa wiki ya kwanza huwa chini zaidi, nyuzi 35 hadi 37. Huna kipimajoto? Gusa nyayo, masikio na ndani ya mdomo. Mdomo wa baridi ni dalili mbaya.

Akiwa chini ya nyuzi 37, au chini ya 35 kwa mtoto mchanga wa wiki moja, usimlishe chochote isipokuwa hili: akiwa amelegea, paka tone la asali au maji ya glukosi kwenye fizi kwa kidole, ili sukari ya damu isizidi kushuka. Kisha:

1. Mkaushe kabisa. Usimwogeshe hata kama ananuka, futa tu sehemu chafu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu.
2. Jaza chupa maji ya moto ambayo mkono unavumilia, ifunge kwenye taulo, iweke upande mmoja wa boksi. Upande wa pili uwe wazi ili asogee akizidiwa na joto.
3. Mpandishe joto polepole, kwa saa moja hadi tatu. Joto la ghafla hutanua mishipa ya ngozi, damu ikakimbia kutoka kwenye viungo vya ndani.
4. Badilisha maji kila yanapopoa. Chupa iliyopoa humnyang'anya joto lililokwisha patikana.

Usiweke jiko la mkaa ndani ya chumba alimo. Moshi wake usioonekana huua paka na binadamu. Juani nako usimwache, kwa sababu mdogo aliyelegea hawezi kujisogeza kivulini.

Utajua umefaulu akianza kujisogeza mwenyewe, akilia kwa sauti yenye nguvu na kutafuta kwa pua.

## Hatua ya 4: Maji

Kuharisha peke yake ni nadra kuua. Kinachoua ni maji na chumvi zinazotoka nako. Wengi wamesikia habari ya kuvuta ngozi ya shingo na kuangalia kama inarudi haraka, lakini kwa watoto wadogo kipimo hicho hudanganya. Tazama mdomo: fizi zenye afya zinateleza na ni za waridi. Zikinata kidole, maji yamepungua. Bonyeza ufizi uwe mweupe kisha achia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Mkojo nao husema. Wa mtoto wa paka hupaswa kuwa karibu na rangi ya maji, ukiwa wa njano iliyokolea anakauka.

Changanya ORS kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Pakiti ya lita moja iingie kwenye lita moja kamili. Ukitumia maji pungufu, chumvi itakuwa kali na kumkausha zaidi. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Usibuni mchanganyiko wa sukari na chumvi ya jikoni kwa kukadiria, mwili wa gramu 400 hausamehe kosa la nusu kijiko.

Kwa saa nne hadi sita za kwanza mpe mililita 1 kwa kila gramu 100 za uzito wake, kila saa. Mtoto wa gramu 400 atapata mililita 4 kila saa. Iwe ya vuguvugu.

Mkao ni jambo la uhai. Awe amesimama au amelalia tumbo, kichwa kikiwa sawa na kawaida yake. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya chonge, dondosha matone mawili matatu, ngoja ameze. Kamwe usimlaze chali kama mtoto wa binadamu. Kioevu kitaingia mapafuni, na nimonia itakayofuata ni mbaya kuliko kuharisha. Akikohoa au kikitokea puani, acha, mwinamishe kichwa chini, futa, na umpumzishe.

Asiyeweza kumeza asinyweshwe kwa nguvu. Huyo anahitaji maji ya chini ya ngozi, na hiyo ni kazi ya daktari.

Utajua umefaulu fizi zikianza kuteleza na akikojoa mkojo mweupe ndani ya saa chache.

## Hatua ya 5: Chakula kidogo, cha aina moja

Kwa binadamu mzima anayeharisha, kufunga kwa siku nzima kunaweza kupita salama. Kwa mtoto wa paka hakupiti. Akiba yake ya sukari ni ndogo mno, na kumwachisha chakula siku nzima "ili tumbo lipumzike" kunaweza kumwangusha kwa degedege. Akishapata joto na maji, anakula siku hiyohiyo.

Kwa nini si maziwa ya ng'ombe. Yana sukari ya laktosi nyingi kuliko utumbo wake unavyomudu, na protini na mafuta pungufu ya yale ya mama yake. Laktosi isiyosagwa huvuta maji ndani ya utumbo na kulisha bakteria, ndipo unapoona povu, gesi na harufu kali.

Mwenye meno, wiki 5 na kuendelea: chemsha kifua cha kuku bila chumvi, bila kitunguu maji, bila kitunguu saumu, bila mchuzi wa kiungo. Vitunguu vya aina zote huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Saga laini na supu yake. Mtoto wa gramu 500 anahitaji karibu gramu 60 za kuku huyo kwa siku. Siku ya kwanza mpe nusu yake, ikigawanywa mara sita, yaani gramu 5 kila mlo, na siku ya pili panda hadi gramu 10. Ongeza robo kijiko cha chai cha boga lililochemshwa na kupondwa kwenye milo miwili. Nyuzi zake husaidia kushika maji ya kinyesi.

Usichanganye na kitu kingine. Leo kuku, jioni samaki, kesho mtindi, keshokutwa biskuti za paka za jirani: kwa mwendo huo hutajua kamwe kilichomdhuru.

Wa wiki 4 au chini: tafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka kwenye kliniki za mifugo au maduka ya vyakula vya wanyama mijini. Kila mlo usizidi mililita 4 kwa gramu 100 za uzito, kwa maana tumbo halichukui zaidi, na kumshibisha kupita kiasi ni sababu kubwa ya kuharisha hata kwa maziwa sahihi. Walio chini ya wiki mbili hulishwa kila saa 2 hadi 3, usiku ukiwemo. Wa wiki mbili hadi nne, kila saa 4. Kama hupati maziwa hayo leo, ya mbuzi yaliyochemshwa yatakuvusha siku moja au mbili tu, kwa sababu nayo yana laktosi. Ukimjua paka anayenyonyesha mwenye afya na watoto wachache, jaribu kumpelekea huku ukiangalia kwa karibu, maana hakuna unga unaomfikia yeye.

Wale wa chini ya wiki tatu hawawezi kujisaidia wenyewe. Baada ya kila mlo sugua taratibu sehemu zao za haja kwa pamba yenye maji ya vuguvugu hadi watoe, kazi ambayo mama yao huifanya kwa ulimi.

Anayekataa kula kwa hofu: pasha chakula kidogo kitoe harufu, paka chembe kwenye ncha ya pua au ndani ya mdomo, kisha weka kisahani mbele ya boksi na uondoke. Wengi hula mara tu mlango unapofungwa.

## Hatua ya 6: Soma kinyesi, uandike

Angalia kila mara beseni linapotumika. Unachokiona ndicho daktari atakachokuuliza.

- Laini lakini chenye umbo: tumbo linazoea. Endelea.
- Cha njano, kingi, bila damu, na mtoto anacheza: mara nyingi ni chakula kingi au kilichobadilishwa ghafla. Punguza mlo kwa robo, ongeza idadi ya milo.
- Chenye ute, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kikiwa na mistari ya damu: utumbo mpana umewaka. Vimelea vya koksidia au giardia ni washukiwa wakubwa.
- Nyuzi nyeupe zinazofanana na tambi: minyoo ya mviringo, ambayo wengi huipata kupitia maziwa ya mama.
- Vipande vidogo kama punje za mchele karibu na mkia: tegu, waliotokana na kumeza viroboto.
- Maji matupu: rudia Hatua ya 4, mpe mililita za ziada za ORS baada ya kila kuharisha, na usipite siku moja bila daktari.

Chukua kinyesi kibichi ukubwa wa kijiko cha chai, weka kwenye kikopo safi chenye mfuniko, kipeleke ndani ya saa chache. Uchunguzi kwa darubini ni wa bei ndogo kuliko dawa tatu za kubahatisha. Usipopata kliniki ya wanyama wa nyumbani, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, maabara za TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari) nchini Tanzania, au kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete ni mahali pa kuulizia, na bwana mifugo wa kata anaweza kukuelekeza aliye karibu zaidi.

## Hatua ya 7: Dawa, na zile zinazoua

Minyoo. Karibu kila mtoto wa paka wa mitaani anayo. Pyrantel inaweza kuanza akiwa na wiki mbili, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 8. Lakini kipimo chake kinatoka kwenye uzito. Dozi ya miligramu 10 kwa kilo ina maana mtoto wa gramu 500 anahitaji miligramu 5. Dawa ya maji ya binadamu huwa na miligramu 250 katika mililita 5, kwa hiyo dozi yake ni mililita 0.1, kama matone mawili tu. Kijiko kimoja cha chai ni mara 50 ya hiyo. Mpeleke apimwe na apewe na anayejua. Na asubiri mpaka apate joto na maji, siku ya pili au ya tatu.

Flagyl. Huitwa kila tumbo linapochafuka, nayo haiui virusi, haiui koksidia, na ikizidi hudhuru ubongo: paka hupepesuka na kutetemeka. Aiagize daktari au isitumike.

Dawa ya koksidia ya kuku. Wafugaji wengi wanayo nyumbani, na jina la ugonjwa linafanana. Vimelea vya kuku ni vingine na vya paka ni vingine, na dozi za kwenye ndoo ya maji haziwezi kugeuzwa kuwa za mnyama wa gramu 500.

Paracetamol, ibuprofen, diclofenac, aspirini: hapana, hata chembe. Ini la paka halina uwezo wa kuiondoa paracetamol, damu yake huacha kubeba oksijeni, fizi hugeuka kahawia au buluu. Dawa za binadamu za kufunga kuharisha nazo ziache, kwani hufungia sumu ndani.

Viroboto. Wakiwa wengi hunyonya damu hadi fizi kuwa nyeupe. Watoe kwa chanuo la meno ya karibu, ukilichovya kwenye maji ya sabuni kila mara. Dawa za kuogeshea ng'ombe na mbwa dhidi ya kupe, zenye amitraz au permethrin, ni sumu kwa paka, hata zikizimuliwa sana.

## Hatua ya 8: Mtoe hofu taratibu

Kuanzia siku ya pili, akiwa na joto na anakula, kaa sakafuni chumbani kwake robo saa, mara tatu kwa siku. Usimfuate. Soma, zungumza kwa sauti ya chini, usimkazie macho. Ukitazamana naye, fumba macho polepole na ugeuze uso. Kwa paka, kukodolewa ni tishio.

Siku zinazofuata, mlishe chembe za kuku kwenye kijiko kirefu, baadaye kwenye kidole. Akizoea, mguse shavuni na chini ya masikio wakati anakula. Tumbo na mkia viache. Akikufokea na kuvimba manyoya, rudi nyuma hatua moja bila kumkemea. Umri wa wiki 2 hadi 7 ndio paka hujifunza kumwamini binadamu kwa urahisi, kwa hiyo vikao hivi vifupi vina thamani kubwa sasa kuliko miezi ijayo.

Unapolazimika kumnywesha au kumpima, mfunge kwenye kanga miguu yote ikiwa ndani, fanya haraka, kisha mpe kuku. Kazi zote zisizopendeza zifanye kwa kikao kimoja.

Redio kwa sauti ndogo mchana humzoesha sauti za watu. Usiku izime.

Utajua umefaulu akitoka kwenye boksi ukiwa umeketi chumbani kwake, akianza kujilamba manyoya na kucheza na mkia wake. Paka anayejisafisha amerudisha nguvu na amani.

## Usafi wa nyumba na wa watu

Toa kinyesi kila unapokiona. Osha beseni kwa sabuni kwanza, kwa sababu jiki haifanyi kazi juu ya uchafu, kisha loweka kwa jiki: mililita 50 za jiki ya asilimia 3.5 kwenye lita moja ya maji, dakika 10, suuza sana, anika juani. Kipimo hicho hukabili hata virusi vya panleukopenia, ambavyo huweza kukaa kwenye mazingira hadi mwaka mzima. Giardia na koksidia haziogopi jiki sana. Kwa hizo tumia maji yanayochemka na ukaushe kabisa.

Mama mjamzito asishughulike na beseni, kwa sababu ya toksoplasma, kimelea cha kwenye kinyesi cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni. Paka akionekana na mabaka ya duara yasiyo na manyoya, yanaweza kuwa mapunye, na yanaambukiza watoto wa nyumbani. Akikung'ata au kukukwaruza hadi damu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka nao huupata na kuuambukiza, na udogo wake usikupe uhakika.

## Siku ya 4 hadi ya 10: kurudi kwenye chakula cha kudumu

Kinyesi kikishakuwa na umbo kwa siku mbili mfululizo, anza kubadilisha. Robo ya mlo iwe chakula kipya kwa siku mbili, kisha nusu kwa siku mbili, kisha robo tatu, ndipo kamili. Kinyesi kikilegea, rudi ngazi iliyotangulia. Usianze upya.

Kuku mtupu asivuke siku tano au zaidi kidogo. Hana kalsiamu ya kutosha, na mtoto anayekua kwa nyama tupu hupata mifupa dhaifu inayovunjika kwa kuruka tu. Chakula kamili cha watoto wa paka, kikilowekwa maji ya vuguvugu, ndicho bora. Bajeti isiporuhusu, dagaa wakavu waliooshwa mchanga na chumvi, wakachemshwa na kusagwa na mifupa yao, pamoja na kuku na kipande kidogo cha ini mara mbili kwa wiki, vinamfaa kuliko ugali na mchuzi, hata hivyo lenga kumchanganyia chakula kamili kadiri uwezavyo.

Chanjo haianzi angali anaharisha. Akishatulia, na awe na wiki 6 hadi 8, apate ya kwanza dhidi ya panleukopenia na mafua ya paka, irudiwe kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa ni kuanzia wiki ya 12. Wiki mbili za karantini zikiisha, uzito ukipanda kila siku na kinyesi kikiwa kigumu, fungua mlango na umwache anuse nyumba chumba kimoja kwa siku, huku boksi lake likibaki palepale ili awe na pa kukimbilia.